Watoto wa Majabari

Juzi asubuhi nilinunua mandazi mawili hapa Kabiro, Kawangware, hatua chache kutoka duka ninalofanyia kazi, na dada muuzaji akanifungia kwenye ukurasa uliochanwa katika daftari la mtoto. Mafuta yalikuwa yameshaanza kupenya kwenye karatasi. Ile harufu ya unga, mafuta moto na wino wa kalamu ilinirudisha Kibera, upande wa Kianda, kwenye benchi la Mama Odera, nikiwa na miaka kumi na miwili na dharau ya kumtosha mtu mzima.

Mama Odera alikaanga mandazi mbele ya chumba walichopanga. Karatasi za kufungia alinunua kwa mzee mmoja aliyeuza magazeti makuukuu kwa kilo, na ndani ya mafungu yale, Mungu anajua yalitoka wapi, mlikuwa na vitabu vya katuni vya ng'ambo. Vilikuwa vimejaa majabari waliovaa nguo za kubana, wanaopaa na kunyanyua malori. Odera, kifungua mimba wake, alikaa nami dawati moja darasa la sita. Kila Jumamosi kazi yake ilikuwa kuchana karatasi na kufunga mandazi, na mimi nilikaa pembeni kumsaidia, yaani kumlia mandazi na kusoma. Hatukuwahi kupata hadithi nzima. Ukurasa wa mwanzo ulikuwa umeshakwenda na chai ya mtu, wa mwisho haukuwahi kufika. Hata majina ya majabari tuliyatunga sisi wenyewe.

Wakubwa tuliwaheshimu. Kulikuwa na Jemedari Mabati, ambaye risasi zilimgonga kifuani zikaanguka chini. Kulikuwa na Mama Kimbunga, aliyepuliza mara moja nyumba zikahama. Lakini katika kila kundi kulikuwa na mmoja au wawili wasiojua lolote, na hao ndio walionitia kichefuchefu. Mmoja uwezo wake wote ulikuwa kunusa mvua, na alinusa ikiwa imeshaanza kunyesha. Mwingine alipigwa katika kila ukurasa tulioupata, na bado alivaa shuka mgongoni na kusimama mbele ya picha pamoja na wanaume wenzake.

"Huyu anafanya nini kwa hii timu?" nilimuuliza Odera siku moja. "Hajui kitu kabisa."

Odera hakuinua kichwa. "Si amewekwa. Ni mtoto wa mtu. Budake ako huko juu."

Nilicheka mpaka nikapaliwa na mandazi, kwa sababu ilikuwa kweli tupu. Kwetu mtu akiwa karani na hajui hata kuandika tarehe, hakuna aliyeuliza amefikaje pale. Watu waliuliza tu ni mtoto wa nani. Basi vile viroja vya kwenye karatasi vikapata wazazi siku hiyo hiyo. Yule wa kupigwa akawa Mabati Junior, mtoto wa Jemedari, aliyeshika kutu mvua ya kwanza ya mwezi wa nne. Mama Kimbunga tukampa binti ambaye kila akipuliza anapata mafua. Wa kunusa mvua tukamfanya mpwa wa mwenyekiti.

Tulianza daftari letu wenyewe. Odera alichora, na alichora vizuri ajabu. Mkono wake ukipita, mtu alionekana ana uzito, unajua kabisa mguu gani umekanyaga chini. Mimi kuchora sikujua, ila nilikuwa na mdomo. Kwa hiyo yeye alichora mtu na kile kiputo kinachotoka mdomoni, akakiacha wazi, akanisukumia daftari nijaze maneno. Tuliwatukana watoto wa majabari bila huruma. Kila kisa kilimalizika namna moja. Mtoto anaharibu, mji unawaka moto, halafu baba anatokea bila kusema neno, anarekebisha kila kitu, na watu wanampigia makofi mtoto. Hapo ndipo darasa zima lilivunjika mbavu. Daftari lilizunguka mpaka jalada likatoka.

Sasa niwaambie kuhusu baba yangu. Watu walimwita Fundi Brashi. Vinyozi, wauza nyama, makanisa ya mabati, kuanzia Kianda mpaka Lindi, humo humo Kibera, maandishi yote yalikuwa yake. Kazi ya mabango ina desturi yake: fundi akimaliza anatia jina lake dogo kwenye kona ya chini, kulia, ili anayepita ajue mkono ni wa nani. Baba hakuwahi kuacha kona ile wazi, na hakuwahi kutia jina kwenye kazi isiyo yake. Shule yetu aliiandikia jina getini bila malipo.

Muhula wa pili mwalimu mkuu akatangaza kwamba wageni wanakuja. Alitaka ukuta unaotazama geti uchorwe jabari ameshika kitabu, na uchorwe na mwanafunzi. Atakayechora angepewa nafasi ya kusomea uchoraji kila Jumamosi kwenye kituo kimoja cha vijana huku Kawangware, mwaka mzima, rangi na nauli juu yao. Nafasi ilikuwa moja tu kwa shule yetu. Darasa zima liligeuka kumtazama Odera. Mimi mwenyewe niligeuka.

Mwalimu mkuu akachungulia mlangoni. "Mtoto wa Fundi Brashi ni nani hapa?"

Nikasimama. Akaniambia nianze Jumatatu, akaenda zake.

Odera alinifuata bombani wakati wa mapumziko. Alikuwa mtu wa maneno machache, na alisema yale akitazama ndoo. "Mwambie tuchore wawili. Mimi nachora, wewe unaandika. Kama kwa daftari. Hiyo ya Jumamosi tutapanga."

"Poa," nikamwambia. "Nitamwambia."

Sikumwambia. Nilipita mbele ya ofisi mara tatu siku ile na mara zote nilijipa sababu. Ukweli ni kwamba nilipenda kuitwa. Nilipenda kusimama darasani wengine wamekaa.

Nilichora siku nne. Wasomaji wangu, sitawapambia. Jabari langu lilikuwa na mkono mmoja unaofika gotini na mwingine uliokoma kwenye kiwiko. Kitabu kilifanana na mkate. Uso niliufuta mara nyingi hata ukabaki doa la kijivu, na nyanya mmoja aliyeleta kuni za jikoni aliuliza kama huyo ni marehemu. Wadogo wa darasa la kwanza walikuja kucheka kwa zamu. Odera hakucheka. Alisimama mbali kidogo na ukuta, akauangalia mkono ule mrefu, akaondoka.

Alhamisi alasiri, wageni wakiwa wanatarajiwa kesho yake, baba akatokea getini na ngazi begani. Nadhani mwalimu mkuu alimwita. Hakuniuliza chochote wala hakunigombeza. Alipaka nyeupe juu ya upuuzi wangu, akangoja ikauke kidogo, akachora. Kabla ya giza kuingia kulikuwa na jabari ukutani aliyesimama sawasawa kwa miguu miwili. Kisha baba akainama kwenye kona ya chini, kulia, akatia jina. Lilikuwa jina langu.

Kesho yake wageni walipiga picha. Mama mmoja mwenye miwani alisoma ile kona, akauliza mwenye jina yuko wapi. Odera alikuwa kwenye mstari, bega kwa bega nami. Ungedhani mtoto aliyeandika kisa kile kile mara ishirini kwa mkono wake mwenyewe angekitambua kikimpitia mbele ya macho. Sikukitambua. Nilisogea mbele nikasema ni mimi, na shule nzima ikapiga makofi.

"Budako amechora poa," Odera aliniambia tulipotawanyika.

Jumamosi zangu za Kawangware zilikuwa aibu tupu. Nilikunywa soda zao, nikapoteza brashi zao, na baada ya mwaka nilirudi na cheti na mkono ule ule wa mti. Daftari lilikufa bila ugomvi wowote. Odera hakulileta tena tu. Mwaka uliofuata walihamia Lindi, mwendo wa dakika chache kwa miguu, na miguu yangu haikuwahi kufika.

Ila kabla hawajahama, nilipita kwa Mama Odera nikanunua mandazi, naye akanifungia kwenye karatasi ya daftari iliyokuwa imewekwa kando. Nilijua mkono wa mchoraji kabla sijaifungua vizuri. Odera alikuwa amechora mlango mkubwa wa majabari. Mbele yake foleni ndefu, na kwa pembeni Mabati Junior akiingizwa kwa kushikwa mkono na baba yake. Lakini picha kubwa haikuwa yake. Ilikuwa ya kijana mmoja mwishoni mwa foleni, mwenye aproni, na mikono yake ilikuwa imejaa mandazi. Miguu yake haikugusa ardhi. Alikuwa anaelea, kiasi cha shibiri moja, na hakuna mtu kwenye foleni aliyekuwa anamtazama. Mdomoni mwake kulikuwa na kiputo, na ndani ya kiputo hakukuwa na neno.

Nilikula mandazi yangu. Nikaona kisa hiki hakichekeshi, na Odera hakukimaliza. Nikaitupa ile karatasi mtaroni.

Duka hili ninalofanyia kazi ni la mabango, la baba; siku hizi yuko mashambani anapumzika, na mimi ndiye niliyeachiwa. Maandishi yanatolewa na mashine, mimi nabonyeza. Wateja wakiingia huuliza, "Wewe si mtoto wa Fundi Brashi?" nami huitikia kwa kichwa. Katika visa vyote vile tulivyovichora, nilimdharau mtoto na kumcheka baba, nikajiona mjanja kuliko wote wawili. Aliyeachwa kwenye foleni sikuwahi kumfikiria. Odera peke yake ndiye aliyemfikiria, kwa sababu alikuwa amesimama pale.

Juzi niliifungua karatasi ya dada wa mandazi nikaigeuza pande zote mbili. Ilikuwa hesabu za kugawanya tu. Wakati ule nilidhani rafiki yangu amekosa la kusema, kumbe alifanya kama tulivyofanya siku zote. Alichora, akaacha kiputo wazi, akanisukumia. Maneno yalikuwa kazi yangu.