Bulpapu Zangu za Mbao Uwanjani

Jamani, siku mkipita Kyela mjini mkasikia kijana wa bodaboda anapiga kelele "Afande Mtutu!" na mkaniona nimeinama ghafla najifanya napima mbao, msiulize anaitwa nani, anaitwa huyu huyu mnayemwona, na jina hilo nimelipata kihalali kabisa, mchana kweupe, mbele ya kata nzima, mbele ya mgeni rasmi kutoka wilayani na mbele ya baba mkwe wangu aliyevuka mpaka makusudi kuja kuniangalia.

Mimi ni seremala. Vitanda, makabati, milango, hiyo ndiyo riziki yangu. Mwaka ule nikajiandikisha mafunzo ya mgambo kule upande wa Mwaya nilikozaliwa (mke wangu alisema nimenenepa, mimi nikasema ni uzalendo, tukaiacha hapo), na kama mnavyojua, kwenye mgambo bunduki ya kweli mnaishika kwa zamu, tena siku ya shabaha tu, siku nyingine zote mnakimbia na bunduki ya mti. Za kwetu zilikuwa aibu. Mwingine amebeba fimbo, mwingine mpini wa jembe, na Atupele, dada mmoja muuza mchele mwenye mdomo mkali, alikuwa na mwiko wa kusongea ugali wa msibani. Basi siku za kufunga mafunzo zilipokaribia, mkufunzi wetu Afande Shomari, mtu wa Tanga, mstaafu, mpole mpaka unasahau kuwa ni askari, akaniita pembeni.

"Fundi, nitengenezee kikosi bunduki zinazofanana. Mgeni rasmi asituone kama tunakwenda kulima."

Nikasema ndiyo afande, na hapo ndipo ningeweza kuokoka, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa rahisi, mbao ndefu, chora, kata, piga msasa, basi. Ila mbao ndefu zilikuwa bado Tukuyu, lori limekwama kwenye matope, na mimi karakana imejaa vipande vifupi vilivyobaki kwenye vitanda, nikaviangalia, vikaniangalia, nikakumbuka video za bulpapu.

Kwa wasioijua, bulpapu ni bunduki fupi ambayo mtambo wake na magazini vimerudishwa nyuma, kwenye kitako, nyuma ya kifyatulio. Kwa hiyo mtutu unabaki na urefu wake uleule lakini bunduki nzima inakuwa fupi. Nilikuwa nazitazama kwenye simu kinyozini mpaka kinyozi ananiambia kaka geuza shingo. Nikajiambia, kwa nini nisubiri lori? Nitawatengenezea ya kisasa. Nikakata za kikosi kizima bila kumuuliza mtu, kisha nikampelekea afande moja, nimeificha ndani ya kanga ya mke wangu kama keki.

Afande akaigeuza, akaiweka begani, akatabasamu.

"Bulpapu. Umeipatia umbo. Sasa nieleze, uzuri wake nini?"

Nikamwaga yote. Ukiwa ndani ya gari haigongi mlango, ukiwa kwenye boti haikusumbui, ukiingia kwenye kijumba chenye kona unageuka nayo, na risasi bado inapita kwenye mtutu mrefu. Wenzangu wakasogea. Nilijiona profesa.

"Kweli tupu," akasema afande. "Ubaya wake?"

Nikasema haina. (Hapa ndipo mngenipiga kibao.)

"Haya. Badilisha magazini hapo ulipo, jicho lako liko kwa adui."

Nikajaribu. Mkono ukaenda kwapani ukapotea, nikawa kama mtu anayetafuta kiroboto. Watu wakacheka. Afande akaendelea taratibu, akasema kifyatulio kiko mbele na mtambo uko nyuma, lazima pawe na chuma kirefu cha kuviunganisha, kwa hiyo ukivuta unasikia ulegevu, kama breki ya baiskeli yenye waya mrefu. Na ikikwama, panapotakiwa kufunguliwa pako chini ya shavu lako.

"Kwa hiyo ni mbovu?" nikauliza, nimeshaanza kununa.

"Sijasema hivyo. Zipo za mwanzo zilizosumbua watu, na zipo zilizotengenezwa vizuri, zinapiga kwenye vumbi na matope bila shida, majeshi yanazitumia na kuzipenda. Kukwama ni habari ya aliyeitengeneza, ila hayo mengine ni ya umbile lake, umeyachukua pamoja na ufupi."

Atupele, ambaye hutumia mkono wa kushoto, akaichukua akaiweka bega la kushoto. "Na maganda ya risasi yanatokea wapi?"

"Kulia, karibu na kitako," nikajibu.

"Kwenye shavu langu, siyo? Ndaga fijo, kaka, umenitengenezea kibao cha moto." (Ndaga fijo ni asante sana kwa Kinyakyusa, lakini siku ile haikuwa asante.)

Afande akasema zipo zinazotoa maganda kwa mbele au kwa chini, na zipo za kugeuzwa upande, lakini shida ya kwetu ni nyingine kabisa. Akaisimamisha kando ya mguu. Ikaishia gotini. "Kwenye gwaride, kitako kinagusa ardhi na mkono umeshika juu, mtu amesimama wima. Hii tutainama wote kama tunachuma mchicha. Fundi, subiri mbao, tengeneza za kawaida."

Nami kwa ubishi nikasema, "Afande, nitazirefusha mtutu. Niachie." Akaniangalia sana, akaniachia.

Nikarefusha. Kila moja nikaichomekea kipande mbele, nikabandika na magazini nyuma, vyote kwa gundi nyeupe ya mbao, bila msumari hata mmoja, maana msumari ungepasua vile vipande vyembamba. Nikapaka rangi nyeusi. Wallahi zilipendeza! Nikampigia baba mkwe kule Karonga, avuke mpaka pale Kasumulu aje aone. Nia yangu mnaijua: kanisa lake lilikuwa linatafuta fundi wa mabenchi, yeye ndiye mzee wa kanisa, na tangu nimwoe binti yake hajawahi kunisifia hata kigoda.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe mvua ikanyesha, mvua ya Kyela, siyo manyunyu ya wenzetu, na bunduki zangu zilikuwa zimeegemezwa nyuma ya darasa la shule ya msingi, chini ya bati linalovuja. Asubuhi nikazifuta kwa shati, zikang'aa, nikashukuru Mungu. Gundi ile, jamani, ni ya ndani ya nyumba. Mimi ni seremala, nalijua hilo kama jina langu, na halikunijia kichwani kabisa.

Tukaingia uwanjani. Mimi mstari wa mbele, mwisho wa kulia, kila mtu ananitazama. Baba mkwe amevaa koti zito kwenye joto lile, mke wangu pembeni yake anapunga mkono. Mgeni rasmi, mama mmoja hachekicheki, amekaa wima nyuma ya meza. Begani silaha! Tukapandisha safi. Tukapita mbele yake, makofi. Tukarudi tukasimama.

"Shushaaa... silaha!"

Kikosi kizima tukateremsha kwa nguvu moja, vitako vikagonga ardhi, nikasikia mlio kama mtu amemwaga kuni. Nikatazama mkono wangu. Nimeshika mtutu. Bunduki yenyewe imelala miguuni. Nikatazama kushoto, mstari mzima, kila mtu amesimama wima kabisa, kifua mbele, ameshika kijiti. Magazini zilikuwa zinaruka kama panzi, na ya kwangu (ndiyo, ya kwangu) ikabiringika ikaenda kusimama mbele ya meza ya mgeni rasmi. Akainama, akaiokota.

"Afande, hii ni nini?"

"Magazini, mheshimiwa," akajibu Afande Shomari bila kupepesa. "Ya nyuma."

Hapo Atupele, askari mzima kwenye gwaride, akasema kwa sauti ya sokoni, "Afadhali imeanguka, ilikuwa inanitekenya kwapa!" na uwanja ukalipuka. Watoto walilala chini. Yule mama hachekicheki alifunika uso kwa ratiba. Mimi nilitamani ardhi inimeze na karakana yangu.

Lakini afande alinguruma, "Mguu sawa! Acha silaha! Kikosi, mbele tembea!" tukatembea mikono mitupu, na kwa hasira na aibu tukatembea kama hatujawahi kutembea, hatua moja, vumbi moja, mpaka kicheko kikageuka makofi na mgeni rasmi akasimama. Kwenye hotuba akasema ameona kikosi ambacho silaha zikivunjika hakivunjiki. Sote tukafuzu.

Wakati wa pilau baba mkwe akaja na kipande kimoja mkononi, anakikagua kwa miwani. Nikamwamkia kwa Kinyakyusa, "Mugonile, taata."

"Kiungo umekichonga vizuri sana," akasema. "Kimeingia kama jino. Kilichokuangusha ni gundi na mdomo. Karonga mvua inanyesha pia, mwanangu. Benchi utalishikiza na nini?"

"Skrubu, baba. Na gundi isiyoogopa maji."

"Njoo upime. Ila ukituletea benchi la kisasa lenye miguu kwapani, utarudi Kasumulu kwa miguu."

Nilikula pilau sahani mbili.

Bulpapu nazipenda bado, siwafichi, na kinyozini ubishi ukianza nani zaidi, fupi au ndefu, natia neno. Ila siku hizi nauliza kwanza, kwa kazi gani na kwa bega la nani, na mtu akishanijibu ubishi unapungua utamu, wanaanza kuongea mpira. Na nimeapa, kitu chochote cha mbao kitakachotoka mikononi mwangu, kiwe kabati kiwe mwiko, kwanza kinalala nje kwenye mvua usiku mmoja. Kikiamka kizima ndipo namwita mkwe.