Ramani ya Neema Imepinduka na Mchumba Wangu Haigeuzi

Admin nifichie jina, ofisini kwetu wengi wanafuata hii page.

Mie ni binti wa miaka ishirini na nane, nakaa Mtoni, Temeke. Nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya utafiti huku Kinondoni, tunachambua picha za setilaiti kujua mitaa ipi ya Dar ina joto kali. Mchumba wangu, nimwite J, tuko naye ofisi moja. Posa imeshapokelewa kwetu, vikao vya send-off vimeanza, na msimamizi nimemchagua mwenyewe, Neema, mdogo wetu hapo kazini. Kumbe nilikuwa najipalia makaa.

Neema kapewa kazi ya kutoa grafu ya joto, yaani ramani ya jiji yenye rangi za joto. Ishu ikaanza hapo. Akibofya picha pale Wazo, kaskazini kwenye viwanda, kompyuta inampa joto kali. Akichora grafu, lile joto la Wazo linatokea Mtoni kwetu, kusini. Picha ni ile ile, namba hazikubaliani. Basi kila mchana utasikia, "Shem, njoo uone, zimekataa tena." Na shem anaburuta kiti. Zamani tulikuwaga tunakula wawili, siku hizi nakula peke yangu, wao wanaletewa chipsi mezani, sahani moja. Juzi nikamuuliza J mbona hiyo kazi haiishi. Akanijibu bila hata kugeuka, "Acha wivu bwana, mwenzio kakwama." Wivu ninao, sikatai.

Kinachoniuma, hilo tatizo mie nalijua. Picha inasomwa kuanzia mstari wa juu, yaani kaskazini, ila grafu inaanza kuchora kutoka chini. Ramani inakuwa kichwa chini miguu juu, Wazo inashuka Mtoni. Unaigeuza kwa amri moja ya kompyuta, imeisha. Nimenyamaza. Nataka aumbuke Jumatatu akiiwasilisha mbele ya bosi, maana grafu ikiwa mbovu mkataba wake haurefushwi, anarudi kwao Kahama. Jana kaniletea kitambaa cha gauni lake la send-off, "Dada, angalia hii rangi," nikamchekea kwa meno tu.

Nikiwa nimekishika kile kitambaa ndiyo nikakumbuka nani alinifundisha. Ni J. Nilipokuwa mgeni ofisini nilikwama hapo hapo, akakaa na mie mchana baada ya mchana, tunajaribu hili, tunajaribu lile, mpaka tukapendana. Siku aliyonivisha pete akaniambia huku anacheka, "Lile tatizo nililijua siku ya kwanza. Nilitaka tu uendelee kukaa karibu yangu." Hiyo stori nimewahadithia watu kwa kujidai. Hata Neema nilimhadithia, akasema, "Jamani, tamu hiyo."

Sasa sijui nani anamchezea nani. Nikimwonyesha Neema ile amri, nimemwokoa na kazi yake, na J atajua nimemshtukia. Nikinyamaza, wanaendelea kukaa. Kikao ni Jumapili, mama kashawaita ndugu kutoka Moshi, na jioni hii kanipigia kuuliza J anapenda mchele gani.

Nishaurini ndugu zangu. Nimgeuzie Neema ramani yake, au nimuulize J kwanza? Na akinijibu ninachokiogopa, mama nitamwambia nini?