Wiki ya Sufuria Moja

Juzijuzi nimehama. Sitakuchosha kwa habari za kuhama. Kama umewahi kuhama unajua jinsi kijiko kinavyopotea siku ile ile unayokihitaji, na kama hujawahi, furahia maisha yako. Jioni ya kwanza nilikuwa nimeketi juu ya godoro lililofungwa kamba, najiuliza nitakula nini, mara binti wa nyumba ya jirani akabisha hodi. Mkononi ana kikopo cha plastiki chenye wali na maharage ya nazi, bado vya moto.

"Pole na kuhama, dada," akasema. "Hicho kikopo ukimaliza we tupa tu."

Nikala nikashiba, nikakiosha. Halafu nikasimama nacho mbele ya pipa la taka, na mkono ukagoma. Nikabaki nacheka peke yangu jikoni, maana nilijua ni nani aliyenishika mkono. Ni mama yangu, na yeye yuko kwake Likombe, pengine saa ile alikuwa anachemsha zake chai.

Ngoja nikusimulie.

Sisi asili yetu ni Kitaya, kando ya Ruvuma, ambako ukisimama ukingoni unawaona watu wa Msumbiji wakifua nguo zao. Mwaka mmoja mto ulipanda ukala shamba letu la mpunga, na baba akaamua twende Mtwara mjini akabebe mizigo bandarini. Tulifika na vitu vichache mno. Tukapanga chumba kwenye mtaa wa watu wa kila namna, na wiki ile ya kwanza mama hakuwasha moto hata siku moja. Hakuwa na cha kupika. Majirani ndio waliotulisha. Asubuhi sahani, mchana sahani, jioni sahani, imefunikwa kwa sahani nyingine au kwa kitambaa kisafi.

Sasa wewe unajua, na kama hujui nakwambia: kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Unairudisha na chochote, hata kama ni kipande cha muhogo au embe moja. Mama alizirudisha tupu. Aliziosha mpaka zikang'aa, akazipeleka moja moja akiwa ameinamisha kichwa, na hakuna jirani aliyemsema. Lakini jambo lile lilimkaa moyoni miaka yote tuliyoishi pale. Ukimtania kwa lolote atacheka, ila usimkumbushe zile sahani.

Baba naye alikuwa anajenga Likombe, pembeni ya mji. Msimu wa korosho, bandari ikiwa na kazi, ukuta wa Likombe ulipanda. Msimu ukiisha, ukuta ulisubiri. Wakati ule Likombe ilikuwa vichaka na nyumba moja moja, na watu wa mtaani walikuwa wakimtania baba kwamba anawajengea ngedere. Baba alikuwa akicheka tu. Nyumba ikapata bati, ikapata milango, na jioni moja baba akaja akatangaza kwamba mwisho wa kiangazi tunahamia kwetu.

Mama hakupiga vigelegele. Alisema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nanyoosha mgongo:

"Mtaa huu tuliingia tunalishwa. Tutatoka tunalisha."

Mpango wake ulikuwa huu. Vitu vihame polepole kwa mkokoteni, wiki nzima, na jiko lihame la mwisho. Wiki hiyo yote atapika, na kila nyumba iliyowahi kutuletea sahani itapelekewa chakula kutoka kwake. Akamwita bibi, mama yake, aliyekuwa anaishi kwa mjomba huko Nanyamba. Bibi akashuka na kiroba cha ming'oko, ile mizizi ya porini ambayo sisi watu wa kusini tunaichemsha na chumvi na tunaweza kugombana na ndugu kwa ajili yake. Akaja pia na korosho na kambale wakavu wa moshi waliotoka Kitaya. Nyumba ikanukia kijijini. Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu baba atangaze.

Asubuhi ya siku ya kwanza mama akaenda sokoni kutafuta kisamvu kichanga. Baba, kwa nia yake njema, akapata mkokoteni mapema kuliko alivyotarajia. Akaona jikoni ndiko kwenye vitu vizito, akaanza nako. Akapakia jiko la mkaa, kinu na mchi, mbuzi ya kukunia nazi, ungo na sufuria zote. Alibakiza moja tu, kwa sababu bibi alikuwa ameshaanza kuchemshia ming'oko ndani yake, na bibi si mtu wa kunyang'anywa sufuria.

Mama aliporudi akakuta jiko limehama la kwanza.

"Nilikuwa nakusaidia, mama watoto," baba akasema.

"Msaada huo ungempa adui yangu," mama akamjibu, na hakumsemesha tena mpaka jioni.

Baba akataka kurudisha vitu, lakini mwenye mkokoteni alikuwa keshaahidi kazi nyingine, na mama naye akakataa kitu kilichokwisha hama kirudi. Basi wiki ile yote tukapika kwa mafiga ya mawe uani, na sufuria moja. Mpaka leo sijaona watu wanakula vizuri hivyo kwa chombo kimoja. Asubuhi ilichemsha ming'oko. Ikioshwa, inaingia mbaazi na nazi. Mbaazi zikiiva zinamiminwa kwenye vyombo vya majirani, sufuria inarudi motoni kwa ugali wa makopa, ule mweusi wa muhogo mkavu. Kinu tuliazima nyumba ya pili, na mbuzi ya nazi tuliazima kwa jirani tuliyemwita Mwalimu. "Kuazima si kulishwa," mama akasisitiza, kama kuna mtu aliyebisha.

Kazi yangu ilikuwa kupeleka. Kanga begani, sahani mikononi, natembea kwa hatua ndogo nisimwage nchuzi, kama alivyouita bibi. Kiswahili cha bibi kilikuwa na Kimakonde chake ndani na hakujali nani anacheka. "Ukimwaga nchuzi wa ntu," aliniambia, "bora ukae huko huko uliko." Nguo yangu ilikuwa na madoa ya mabibo kifuani, maana yalikuwa ndiyo yameanza kuiva, na doa la bibo halitoki kwa sabuni yoyote ile. Lakini nilitembea mtaani kama bibi harusi. Nilikuwa mtoto wa nyumba inayolisha.

Tatizo ni kwamba majirani nao hawakuwa watu wa mchezo. Ukimpelekea kisamvu Mwalimu, ambaye kwao ni Bukoba na hakuacha kupika ndizi hata alipoishi Mtwara miaka yote hiyo, kesho yake sahani inarudi na ndizi na maharage. "Jirani, nyie mna kazi nyingi, msihangaike kupika," anasema. Mama anapokea kwa mikono miwili, anashukuru, na mlango ukifungwa anashika kiuno. "Hebu muoneni huyu. Anataka kunishinda!" Na sufuria inarudi motoni. Ikafika mahali sisi tunakula ndizi za Mwalimu, Mwalimu anakula kambale wetu, na sijui mtaa ule kama kuna aliyekula alichopika mwenyewe. Baba akirudi kutoka Likombe amejaa vumbi, anauliza, "Leo tunakula cha nani?"

Mpaka siku ya mwisho asubuhi mama alikuwa amezimaliza sahani zote. Hakuna chombo cha mtu ndani, kila nyumba ilipelekewa chakula, na hakuna aliyepelekewa kidogo. Akayaondoa yale mafiga, akafagia uwanja mpaka pale moto ulipokuwa. Nilimwona amesimama na ufagio, anauangalia ule uwanja, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

Mkokoteni umeshapakiwa, akaja mama wa dukani. Huyu alikuwa na duka la kona, yeye na mume wake, wazazi wa wazazi wao walitoka Uhindini, na wao wamezaliwa Mikindani. Ndiye aliyetuletea sahani ya kwanza kabisa siku tulipofika kutoka Kitaya. Akampa bibi bakuli la stili lenye mfuniko, chapati na dengu ndani, akasema watoto wale njiani, akarudi haraka dukani kwa wateja. Mama alikuwa ndani anaaga chumba. Bibi akalifunga bakuli kwenye kanga yake, akalichomeka katikati ya magodoro, na tukaondoka.

Likombe, tunashusha mizigo, mama akafungua ile kanga.

Nilimuona mama akikaa chini, pale pale mlangoni pa nyumba yake mpya, akalia. Si kilio cha kelele. Alilishika lile bakuli mapajani. "Nimetoka na chombo cha mtu," akasema. "Wiki nzima, halafu nimetoka kama nilivyoingia." Baba akamwambia ni bakuli tu, litarudishwa kesho. Bibi akasema yeye ndiye aliyelipokea, lawama impate yeye. Mama hakuwasikia. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nilielewa vizuri tu, na nilitamani kulichukua lile bakuli nikimbie nalo mpaka mjini.

Kisha akafuta uso, akasimama. "Moto uko wapi?"

Alimimina dengu kwenye sahani yetu, akaweka na chapati, akaliosha bakuli. Jiko la mkaa likawashwa kwa mara ya kwanza kwenye ile nyumba. Alitwanga kisamvu kwenye kinu chake mwenyewe, bibi akabangua korosho akazisaga, wakatia nazi ya kwanza na ya pili, wakaacha kichemke taratibu mpaka tui likakolea. Harufu ilijaa vyumba ambavyo havikuwa hata na kitanda. Sisi watoto tukasogea na sahani. Bibi akasema chakula cha kwanza cha nyumba huliwa na wenye nyumba, ndivyo alivyokuta kwa wazee wake.

"Leo hapana, mama," mama akamjibu kwa adabu. "Hiki kina mwenyewe."

Akalijaza bakuli, akafunika, akavaa kanga yake ya kutokea, akanishika mkono. Tulitembea kutoka Likombe mpaka mjini kwa miguu, jua linachoma, na hakukubali nimpokee hata kidogo.

Dukani kulikuwa na wateja. Mama akaweka bakuli juu ya kaunta, akasema, "Jirani, nimekuletea bakuli lako. Nisamehe, lilipakiwa na mizigo."

Mama wa dukani akamtazama, akatazama miguu yetu yenye vumbi. "We mama! Umekuja kwa mguu jua lote hili? Hilo bakuli nilikupa liwe lako! Zawadi ya nyumba!"

Mama akaivuta kanga yake usoni. Nikaona haya zinampanda, nikadhani atalia tena. Lakini mama wa dukani alikuwa ameshafungua mfuniko. Akainusa ile harufu, akachukua chapati yake iliyokuwa nyuma ya kaunta, akachovya, akala pale pale amesimama, mbele ya wateja. Akamwita mumewe naye aje aonje. Halafu akawageukia watu, na mdomo umejaa, akasema kwa sauti:

"Mnaona? Chakula hiki kimetoka Likombe. Kwenye nyumba ya huyu mama. Nyumba yake mwenyewe!"

Watu wakampongeza mama. Mmoja akauliza ni nyumba ipi, kama ile yenye bati jipya, na mama akajibu ndiyo, hiyo hiyo. Akajibu akiwa ameinua kichwa, na mimi nikaona wazi kwamba zile sahani tupu za miaka ile zimemtoka mwilini.

Tuliporudi tulikuta watoto wamemaliza chapati na dengu. Basi ndivyo ilivyokuwa: chakula cha kwanza kuliwa nyumbani kwetu kilipikwa na mama wa dukani, na chakula cha kwanza cha jiko letu alikila yeye. Bibi alinuna kidogo, akapika ugali.

Lile bakuli liliendelea kutembea. Sikukuu ya Idi lilikwenda na kuku, likarudi na tambi. Msimu wa korosho lilikwenda limejaa, likarudi na bisi na bagia. Hakuna aliyekubali libaki kwake likiwa tupu, na likawa halina mwenyewe tena. Siku hizi lile duka limefungwa, wenyewe wamewafuata watoto wao Dar es Salaam, na Mwalimu alistaafu akarudi kwao. Bibi ametangulia. Mitaa yetu ya sasa ina geti karibu kila nyumba, na kikija chakula kinakuja na chombo cha kutupwa, ili mtu asisumbuke kurudisha. Wanasema ni kurahisisha. Mimi nawaelewa, ila nikikumbuka mama anavyoshika kiuno na kusema Mwalimu anataka kumshinda, naona kuna raha kubwa tumeinyima mitaa yetu. Nilipoolewa mama alinipa lile bakuli. Limekaa kabatini kwangu miaka, tupu.

Kikopo cha binti jirani nilikijaza kisamvu cha korosho, nikambishia hodi.

"Jamani dada, si nilisema utupe?"

"Kwetu hatujazoea," nikamwambia.

Alikishika kama hajui akiweke wapi. Nikasema moyoni yameishia hapo.

Jana asubuhi hodi ikapigwa. Kikopo kile kile, kimepasuka pembeni, kimezungushiwa raba kisifunguke, ndani maandazi ya moto. Binti anacheka kwa aibu, anasema mama yake amemwambia hawezi kukirudisha kitupu.

Nikamkaribisha ndani akae. Kisha nikapanda juu ya kiti, nikaliteremsha bakuli la stili kutoka juu ya kabati, nikalifuta vumbi la kuhama.