Hawe Kache Alivyojifunza Kuzeeka

Nilipokuwa mtoto, huko kwetu ndani kupita Marafa, mtu akiota mvi alikuwa ameota kesi. Sifanyi mzaha. Mzee mwenye kichwa cheupe akipita njiani, sisi watoto tuliitwa ndani upesi, na mama zetu wakatema mate kando. Na kama macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, basi kesi ilikuwa imekamilika, imebaki hukumu tu. Mchawi ni nani? Ni yule mwenye mvi. Umejuaje? Si unaona mvi zake!

Nayakumbuka haya kila nikifungua simu siku hizi. Kikundi chetu cha akina mama hapa Malindi tulikianzisha ili tusaidiane kwenye harusi na misiba, lakini sasa kimegeuka duka la ujana. Huyu anauza mafuta ya kuondoa makunyanzi, yule ana unga wa mwani wa kunywa asubuhi, mwingine anatuma picha ya bibi wa ng'ambo mwenye ngozi kama ya bi harusi. Halafu wote wananigeukia mimi. Mimi ni fundi cherehani, hamsini nimeshaipita, mgongo wangu umenyooka na meno yangu yote yapo kinywani. "Da Kache, tupe siri!" Siri gani jamani? Nimewaambia mpaka koo limekauka kwamba nimerithi, wanadhani nawanyima. Hasira hunipanda, na najua wao hawana kosa. Ni kwamba mtu wa kwanza niliyemwona akiulizwa swali hilo aliulizwa na wazee wa kijiji waliokaa kikao, na kama jibu lisingewaridhisha wangeweza kumuua.

Mtu huyo alikuwa bibi yangu, mama yake baba. Kwetu sisi Wagiriama bibi huitwa hawe. Jina lake Kache ndilo nililopewa mimi, kwa hiyo tuliitana somo.

Hawe Kache alikuwa na wajukuu wenye ndevu, lakini alibeba ndoo ya maji kichwani kutoka kisimani bila kuishika kwa mkono, na njia nzima anapiga soga. Kwenye ngoma za harusi alitikisa mabega mpaka wasichana wakaenda kukaa. Chakula chake kilikuwa chakula cha kila mtu, ugali tunaouita wari na mboga za mtsunga, na samaki mkavu siku akipatikana. Alilala mapema, alicheka sana, na ukigombana naye asubuhi, jioni alikuwa ameshasahau. Kama siri ipo, basi ndiyo hiyo, na hakuna anayeweza kuiuza kwenye chupa. Kilichomsaliti ni nywele peke yake. Zilikuwa nyeupe zote.

Mwaka ule mzee mmoja wa kijiji cha jirani alikatwa panga shambani mwake, akafa. Habari ilipofika Malindi, shangazi yangu Sidi, binti yake hawe aliyeolewa huko mjini, alikuja mbio na piko ndani ya mkoba. Piko ni ile rangi nyeusi ambayo wanawake wa pwani hujichora nayo pamoja na hina, na wengine huipaka nywele.

"Mame, kaa hapa nikupake," alisema.

"Nizifiche kwa nini? Sikuziiba."

"Wenye panga hawaulizi kama uliziiba. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kaa."

Hawe alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, huku ananung'unika. Mimi nilishika kitambaa, nikifuta matone meusi yaliyomtiririka nyuma ya masikio. Alipomaliza kuoshwa kichwa, aligusa nywele zake kama anayemgusa mgeni, kisha akaangua kicheko. "Somo, angalia, nimekuwa dada yako!" Shangazi Sidi alirudi Malindi siku iliyofuata, roho yake imetulia.

Shangazi yangu alikuwa na akili nyingi, lakini alikuwa amekaa mjini mno. Alisahau kwamba huko kwetu uzee haupotei hivi hivi. Ukimtoka mtu, lazima umemwingia mwingine.

Na balaa ni kwamba mwingine huyo alipatikana. Baba mdogo Karisa, ndugu yake baba, alikuwa na mtoto wa kiume aliyeanza kutembea juzijuzi tu. Mama yake alikuwa amemwachisha ziwa mapema kwa sababu alishika mimba nyingine, na tangu hapo mtoto alikuwa akishindia uji mtupu. Alinyong'onyea. Miguu ikavimba, uso ukavimba, akawa anakaa kimya siku nzima akitazama watu kama kizee kilichochoka. Kisha nywele zake zikaanza kupauka. Leo picha ya mtoto kama yule imebandikwa kwenye ukuta wa kila zahanati, na mama yeyote kijana atakuambia anahitaji maharagwe, mayai na samaki. Kijijini kwetu waliona jambo moja tu. Nywele za bibi zimegeuka nyeusi, na nywele za mjukuu zimegeuka nyeupe.

Nikifikiria sana nakubali kwamba kwa macho matupu ilipangika vizuri. Ndiyo maana inaniudhi mpaka leo. Uongo uliopangika vizuri una nguvu kuliko ukweli.

Baba yangu alikuwa Marereni kwenye mashamba ya chumvi, na hakuwa akirudi ila kwa nadra. Mama yangu alikuwa mke wa kuolewa, hakuwa na sauti mbele ya wakwe. Hawe akabaki peke yake. Baba mdogo Karisa hakuwa mtu mbaya, alikuwa baba anayeona mtoto wake anakufa mikononi, akashika la kwanza lililomjia. "Lisemwalo lipo," alikuwa akimwambia kila aliyekuja kumjulia hali mtoto, na kila aliyeambiwa alikwenda kuliongezea mkia.

Wazee walipokutana uani kwetu, mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya hawe nimeshika leso yake.

"Kache," mmoja wao alimwuliza, "wewe unatumia nini?"

"Natumia piko. Aliniletea Sidi."

"Piko ni la nywele. Na mgongo? Na meno?"

"Mgongo nimezaliwa nao."

"Wenzako wa rika lako wote wameinama. Wewe umenyooka kwa nini?"

Swali kama hilo mtu analijibu vipi? Hawe aliwatazama mmoja mmoja. Waliamua aende akale kiraho cha papai. Hiki ni kiapo cha kwetu: mganga hulisemea papai maneno yake, mshitakiwa hulila mbele za watu, na akiwa na hatia mdomo humvimba. Ukivimba, hakuna mahali pa kukimbilia. Hawe aliwajua waliovimba na yaliyowapata baadaye.

Tulikwenda asubuhi. Mimi niliruhusiwa kumsindikiza kwa sababu ni somo yake, na njiani alinishika kwa nguvu kwa ule mkono ambao haukuwahi kushika ndoo kichwani. Uwanja wa mganga ulijaa watu kama wa harusini, wengine wamebeba watoto. Mganga alikata kipande, akasema, "Kama umekula miaka ya mtoto wa Karisa, kiraho kikushike. Kama hukula, nenda zako." Hawe alipokea, akatafuna taratibu kwa yale meno yake yenye kesi, akameza.

"Papai lenyewe bichi," alisema.

Mtu mmoja alicheka, akakatiza haraka. Tulikaa pale mpaka jua likawa utosini, kila mmoja akimkodolea macho mdomoni. Hakuvimba. Mganga akatangaza kwamba Kache ni msafi, nasi tukarudi nyumbani mimi nikirukaruka mbele, nikidhani yamekwisha.

Wiki hiyo hiyo mama yangu, aliyekuwa hana sauti, alitumia miguu. Alimchukua mke wa baba mdogo na mtoto wake, wakaenda hospitali bila kumuaga mtu yeyote. Mtoto alilazwa, akalishwa maziwa na dawa, na aliporudi alikuwa anapiga kelele na kudai chakula kama watoto wenzake. Basi nikasema, sasa hata kipofu ameona.

Thubutu! Nilisikia kwa masikio yangu kisimani. Kiraho hakikumshika Kache kwa sababu Kache ni mkubwa kuliko kiraho. Na mtoto amepona kwa sababu bibi ameingiwa na hofu akamrudishia miaka yake. Mtoto angekufa, hawe ni mchawi. Mtoto kapona, hawe ni mchawi. Niliweka ndoo chini nikalia kwa hasira, na wanawake wale wakanibembeleza wakidhani nimeumia mguu.

Shangazi Sidi alikuja kumchukua ili akaishi naye Malindi. Hawe alikataa. "Nikihama leo watasema nimekimbia," alisema, "na babako amelala hapa kaburini. Nani atamwangalia?" Walibishana mchana kutwa, na shangazi aliondoka akilia.

Asubuhi yake hawe aliniita, akanipa wembe. "Ninyoe, somo. Zote." Nilimnyoa kipara, pasibaki cheupe wala cheusi. Kisha aliokota fimbo kwenye rundo la kuni, akaipima urefu, na akatoka nje ameinama.

Alijifunza uzee kama mtu anayejifunza kazi. Aliwatazama wenzake wanavyoinuka, akainuka hivyo, kwa kushika goti na kuguna. Ndoo aliiacha. Kwenye harusi alikaa mkekani na vikongwe, mabega yametulia, akilalamika kwamba nyama inamwumiza meno. Na kijiji kikampenda! Hilo ndilo nisilolimeza mpaka leo. Watu waliompita wakitema mate sasa walisimama, "Shikamoo hawe, umeamkaje hawe?" Baba mdogo Karisa mwenyewe alimtekea maji na kujiona mwana mwema. Walitaka mama yao avunjike kwanza ndipo wamheshimu.

Lakini mimi na yeye tulikuwa na letu. Nikitoka shule niliingia nyumbani kwake, nikafunga mlango, nikasema, "Somo, nyooka, hakuna mtu." Alitupa fimbo pembeni, akajinyoosha mpaka mifupa ikalia, akatikisa mabega bila ngoma huku mimi nikimpigia makofi ya chini chini. Tulicheka tukiwa tumejiziba midomo. Nje alikuwa kikongwe wa kijiji, ndani alikuwa hawe wangu yule yule, na niliamini kwamba tumewashinda wote.

Hatukuwashinda. Nilikuwa nimeshakuwa msichana mkubwa, nasoma bweni, siku niliporudi likizo nikaingia kwake mchana, nikafunga mlango kwa furaha. "Somo, nyooka, hakuna mtu." Aliegemeza fimbo ukutani kwa uangalifu. Akaweka mikono kiunoni, akavuta pumzi, akasukuma. Alibaki vile vile, uso unatazama sakafu. Nilidhani ananifanyia utani.

"Nyooka basi," nikamwambia.

"Ndiyo nimenyooka, somo."

Aliishi miaka mingine mingi. Hakukatwa panga, alifia kitandani mwake, na kwenye matanga yake watu wale wale walisifu kwamba Kache alizeeka vizuri. Kwa hesabu yao ilikuwa kweli.

Yule mtoto aliyelishwa uji mtupu sasa ni baba mwenye kitambi, na Jumamosi anamwoza binti yake huko huko kwetu. Juzi alinipigia simu. Ananipenda, hilo sina shaka nalo. Alizungukazunguka maneno, mwisho akasema, "Dada Kache, ukija, funga kilemba, mvi zisionekane. Na ngoma ikianza, kaa na akina hawe, tafadhali. Watu wana midomo, wanasema jina limerudi." Nikamwuliza, hata leo? Akasema, "Dada, wewe njoo tu, lakini fanya hivyo."

Nilikata simu nimekasirika, nikaapa kwamba nitacheza mpaka ngoma ipasuke. Hawe simlaumu, alinunua maisha yake kwa bei aliyotajiwa. Lakini mimi nina nyumba Malindi, nina kazi yangu, sina sababu ya kumwinamia mtu. Baadaye wateja walipoondoka, nilisimama mbele ya kioo cha kupimia nguo, nikajaribu. Nilitaka tu kuona ingekuwaje. Nilishika goti, nikaguna, nikashusha mabega, na mgongo ukajikunja wenyewe kana kwamba umewahi kufundishwa. Nilijinyoosha haraka, kuhakikisha kwamba bado naweza.