Maziwa ya Kupeleka Lamu

Mwaka juzi mwanangu alinipeleka Malta, katika mji wa Valletta, akitaka nione kuta zake za kale. Nilijikokota na mkongojo wangu katika vichochoro vya mawe, yeye akinisimulia habari za wafalme na majeshi. Kisha tukatoka nje ya mji, tukafika kwenye shamba la mbuzi, na mama mwenye shamba akatupa jibini mbichi. Nilipoisogeza puani, machozi yakanitoka. Usinicheke, rafiki yangu. Nilikuwa nimekumbuka kisiwa kingine, mji mwingine wa mawe, na mama yangu mdogo.

Wewe uliyeijua Garsen ukubwani huwezi kuamini ilivyokuwa miaka ya hamsini. Sisi wafugaji tulikaa kwenye nyumba za nyasi, na adhuhuri ng'ombe walishuka mtoni Tana kunywa, vumbi likifunika kila kitu. Kazi yangu ilikuwa kuokota kuni za kufukizia vibuyu vya maziwa. Kwetu kibuyu hakikuoshwa kwa sabuni, hata siku moja. Kilisuguliwa ndani kwa kijinga cha mti wake maalumu, na moshi huo ndio uliohifadhi maziwa na kuyapa ladha.

Mama mdogo, kitinda mimba wa nyanya, alikuwa ameolewa Lamu na mnunuzi wa ng'ombe. Siku moja dereva wa lori akatuletea habari: amejifungua, mtoto amefariki, na sasa mwenyewe hali chochote, anakwisha. Nyanya hakulia. Alikama ng'ombe wa ukoo uleule uliomlea binti yake, akajaza kibuyu, akanishika mkono. Alikuwa na hakika kwamba akionja maziwa ya kwao atainuka. Tukasafiri juu ya magunia ya lori hadi Mokowe, tukavuka bahari kwa mashua, kibuyu kikiwa mapajani mwake njia nzima, nami sikuruhusiwa hata kukigusa.

Lamu ilinitisha. Nyumba zilisongamana hadi jua halikupata pa kupita, na kila mlango ulikuwa mzito kuliko nyumba yetu nzima. Mama mkwe wa mama mdogo alitupokea vizuri mno. Alitutandikia mkeka, akatupa kahawa na halua, akakipeleka kibuyu jikoni. Tulikuwa bado tunasalimiana na mgonjwa, mifupa mitupu chini ya shuka, mama yule aliporudi na bakuli la uji wa mchele.

"Maziwa yameharibika ndiani, mkwe wangu," akasema kwa upole, kwa Kiamu chao. "Yanuka moshi. Nimeyatupa."

Kibuyu alikuwa amekisugua kwa mchanga na sabuni, amekianika juani, na alifurahi kwa wema alioutenda. Nyanya akamshukuru. Mpaka leo sijui alizipata wapi nguvu za kushukuru.

Asubuhi tukatoka, mimi na nyanya, tukatafuta mti wetu nyuma ya mji, minazini, mpaka kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Haukuwepo. Tukarudi na vijiti vya mti mwingine, nyanya akakifukiza kibuyu uani, akatia maziwa ya mbuzi wa jirani, akayaacha yagande. Alipoyaonja, uso wake ulinywea. Lakini aliyapeleka.

Mama mdogo alikunywa taratibu, bila kupumzika, mpaka akamaliza.

"Ni yenyewe, mama," akasema kwa lugha yetu. "Ni ya nyumbani."

Nyanya akamfuta midomo, akamwambia ndiyo, ni ya nyumbani. Walikuwa wanadanganyana, nami nilijua, ila kwa siku chache mgonjwa aliketi, akacheka nasi. Tukaondoka na matumaini. Hata mvua hazijaanza, habari zikaja kwamba ametutoka, na amekwisha zikwa.

Sasa nyumba zile za nyasi hazipo, ng'ombe wa ukoo ule walimalizwa na ukame, na wajukuu zangu hunywa maziwa ya pakiti. Nyanya naye alikwenda zamani. Maisha yake yote hakuacha kumpelekea mama yule wa Lamu samli, kila alipopata lori. Mama zangu wakubwa walikasirika, wakamuuliza vipi anamlisha mtu aliyemwaga maziwa ya mgonjwa.

"Mwanangu alikufa mimi sipo," akawajibu. "Aliyemfumba macho ni yeye."