Baba Kulia, Mama Kushoto

Harufu ya nta ya kung'arishia mbao haijawahi kuniacha salama. Nikiinusa tu, nami ni mtoto wa miaka tisa tena, miaka ya themanini, soksi zikinibana ndani ya kanisa letu kuukuu karibu na Temple Hills, huko ughaibuni tulikohamia. Lilijengwa enzi za Malkia Viktoria: matofali mekundu, nguzo nene za mawe, matao yaliyochongoka juu, na madirisha ya vioo vya rangi yaliyomwaga buluu na wekundu vichwani mwa watu bila kujali nani katoka saluni.

Wenyeji walikaa kifamilia. Sisi tulitoka Muheza, na kwetu kanisani wanaume hukaa kulia, wanawake kushoto. Basi Baba alishika kulia, mimi na Mama kushoto, kila Jumapili, wala hawakuuliza kama huku ni hivyo.

Siku moja rafiki yangu alininong'oneza kwamba watu wazima wanasema wazazi wangu wanaachana. Wazazi wake walikuwa wameachana mwaka ule, kwa hiyo nilimwona kuwa mtaalamu wa mambo hayo. Tena Mama mwenyewe alizoea kusema, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Chakula kilinishinda kwa hofu.

“Mama, mnadivorce?” nilimuuliza akisukuma chapati. “Everybody at church says so. You don't even sit together.”

Mama alicheka hadi akaketi. Kisha kicheko kikakatika ghafla.

Jumapili iliyofuata tulivuka, tukakaa kulia na Baba. Nilifurahi mno! Bibi mmoja alitutabasamia kama tumetoka hospitali. Baba lakini alikaa kama anapigwa picha ya pasipoti. Tulipotoka nje, akasema taratibu, “Leo sikukuona kabisa, Mama Neema.”

“Si nilikuwa ubavuni pako?”

“Ndiyo maana.”

Wiki iliyofuata Mama alinirudisha kushoto, nami nikanuna ibada nzima. Ng'ambo ya pili Baba alisogea kwenye benchi mpaka nguzo isimzibe Mama.

Sasa nimeolewa, na mume wangu nami hukaa bega kwa bega, macho mbele. Enzi zile Baba alifanya kazi usiku, Mama mchana. Juma zima walipishana mlangoni. Mimi nilikuwa nikiogopa kwamba wanaachana, kumbe pale kanisani ndipo mahali pekee Baba alipopata nafasi ya kumtazama mkewe.