Tone la Asidi Juu ya Kibangwa cha Mtemi

Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa mtunzaji wa kibangwa cha mtemi: kisahani cheupe kilichochongwa kutoka kombe la baharini, ambacho kila mtemi mpya huvishwa siku ya kutawazwa. Mtemi wetu alipofariki, miaka ya hamsini, mdogo wa marehemu alisimama mbele ya wazee akasema kibangwa kile si chenyewe. Kinateleza mno, alisema, kama vikombe vya chai vya madukani Kahama. Siku hizo kweli wachuuzi walitembeza vibangwa vya kaure. Kwa maneno yake, mjomba ameuza cha kweli na kuweka cha bandia.

Adhabu ilijulikana. Mjomba angefukuzwa katika nchi ya mtemi, yeye na wanawe, bila ng'ombe hata mmoja.

Mimi nilikuwa nikifanya kazi mgodini Geita, katika chumba cha kupima mawe, na nilijiona sana. Tulidondosha asidi juu ya jiwe. Likitoa povu, lina chokaa. Kombe nalo ni chokaa, ila kaure haitoi povu hata ukiimwagia chupa nzima. Nikawatumia wazee ujumbe kwamba ubishi wao nitaumaliza kwa tone moja. Nikapanda lori, kichupa kifuani, kizibo chake cha mpira nimekifunga kwa uzi.

Tulikutana ikulu kwa mtemi, asubuhi. Mjomba alifungua kitambaa chake, akanipa kibangwa kwa mikono miwili. Nikakigeuza, nikadondosha tone upande wa nyuma.

Hakikutokea kitu. Tone lilikaa juu yake, la mviringo, limetulia tuli. Nikadondosha la pili. Kimya.

"Sema, tusikie," mdogo wa mtemi akaniambia.

"Hakitoi povu," nikasema. "Si kombe."

Nitasema kweli, maana umri wangu sasa hauna haja ya kujipamba. Papo hapo nilikumbuka mabati mapya ya nyumba ya mjomba, nikajua yametoka wapi. Nilimchukia kwa kunitia aibu mbele ya wazee.

Mjomba hakupandisha sauti. "Wazee wangu, mimi nimekitunza. Kila mwaka baada ya mavuno nakipaka samli, kama alivyonifundisha aliyenitangulia. Hata jana nimekipaka."

Samli. Masikio yangu yakapata moto. Asidi ilikuwa imekaa juu ya mafuta ya miaka na miaka, kombe lenyewe haijaligusa.

Nikaomba maji ya moto, sabuni na mafuta ya taa.

"Anamtafutia mjomba wake mlango wa kutokea," mdogo wa mtemi akasema, na wazee wawili wakatikisa vichwa kukubali. Mjomba alikuwa akitazama chini, mikono juu ya magoti.

"Akioshe hapa hapa, tukimwona," mkubwa wa wazee akasema.

Nikakisugua kwa mafuta ya taa, nikaosha kwa sabuni, nikarudia mara tatu. Nikadondosha tone.

Povu likapanda, likichemka kwa sauti ndogo. Sikulifuta. Nilitaka kila mzee ainame alione, na mdogo wa mtemi vilevile, naye aliona akatoka nje. Nilipofuta, asidi ilikuwa imekula kishimo kama punje ya mtama.

Wazee walinipongeza. Nikamgeukia mjomba nikingoja shukrani. Alikuwa akipitisha kidole gumba juu ya kile kishimo.

"Mpwa wangu," akasema, "uliposema si kombe, na wewe uliamini?"

Nilitafuta uongo wa haraka, nikaukosa.

"Niliamini, mjomba."

Akakifunga kibangwa taratibu katika kitambaa. Tangu siku hiyo, kila nilipompa shikamoo, aliitikia marahaba kama anavyomwitikia mpita njia.